Intel ama AMD? Soma Hii Kabla Upeleke Doh Yako Luthuli Kununua Prosesa ya Gemu

Ingia duka lolote la kompyuta pale Luthuli ama Moi Avenue, useme unatafuta mashine ya gemu. Hata kabla umalize sentensi utaambiwa, "Boss, hii ni Core i7, inabeba kila kitu." Na hajadanganya, ni Core i7 kweli. Kile hajakuambia ni kwamba ilitengenezwa 2013, imekaa miaka kwa ofisi ya wenyewe huko majuu ikiandika barua, na ukifika keja ufungue Warzone itakuonyesha picha moja moja kama slaidi za mwalimu wa Biology.

Stori ya Intel na AMD wasee huibishana kama Gor na Ingwe. Kila upande una mashabiki, kila upande una kelele. Lakini ganji ni yako, umeisota miezi kadhaa, na ikishaingia kwa boksi mbaya hairudi. Kwa hivyo weka ushabiki kando kidogo tuone ni nini hasa unanunua.

Anza na namba, jina baadaye

"i7" ama "Ryzen 7" ni cheo tu ndani ya kizazi kimoja. Ni kama kusema mtu ni kepteni bila kusema ni wa timu gani. Angalia mfano huu: Core i7-4770 ya 2013 ina viini 4 (zile wauzaji huita "cores") na nyuzi 8. Core i3-12100F ya 2022 pia ina viini 4 na nyuzi 8. Kwa karatasi ni mapacha. Kwa gemu, hiyo i3 inaacha i7 mbali sana, kwa sababu kila kiini chake kinafanya kazi nyingi zaidi kwa kila mdundo wa saa, na inatumia RAM ya DDR4 ama DDR5 wakati mzee wa 2013 bado ako DDR3.

Kwa Intel, namba za kwanza baada ya kistari ndizo kizazi. 4770 ni kizazi cha 4, 8500 ni cha 8, 12400 ni cha 12. Muuzaji akikuambia "i5" akaishia hapo, muulize namba yote. Akianza kuzungukazunguka, ushapata jibu.

Herufi ya mwisho nayo ina maana yake. F inamaanisha prosesa haina picha ndani yake, kwa hivyo bila kadi ya grafiki skrini itabaki nyeusi na utadhani umeuziwa mawe. K inamaanisha unaweza kuisukuma iende mbio kuliko ilivyotoka kiwandani. T utaipata kwa zile kompyuta ndogo za ofisi zinazotoshea nyuma ya monita. Imepunguzwa nguvu ili isile stima sana, na kwa gemu hilo linaonekana.

AMD pia wana mambo yao. G ni ile iko na picha ya maana ndani. X3D ni ile ya kache kubwa, tutafika hapo. Lakini usiamini kwamba namba zikifanana prosesa ni ndugu: Ryzen 5 5600 ina kache ya 32MB, huku 5600G na 5500 ziko na 16MB tu, na hizo mbili zinaongea na kadi ya grafiki kwa njia ya kizazi cha nyuma, PCIe 3.0. Ukiwa na kadi ndogo kama RX 6500 XT inayotumia njia 4 pekee, hapo utahisi.

Na ukiona mtu anauza AMD FX-8350 "8 core" kwa bei ya kutupa, wacha akae nayo. Ni ya 2012, na zile viini zilikuwa zinagawana vifaa wawili wawili. AMD walishtakiwa Marekani juu ya hiyo hesabu ya viini vya FX, wakakubali 2019 kulipa dola milioni 12.1 kumaliza kesi.

Msukuma chapo na mwenye pan

Kwa gemu, prosesa na kadi ya grafiki ni watu wawili wanaotengeneza chapati. Prosesa inasukuma: inahesabu adui yuko wapi, risasi imeenda wapi, gari limegonga nini, kisha inapatia kadi maagizo ya kuchora. Kadi ndiyo iko na pan, inachora picha. FPS ni chapati ngapi zinafika kwa sahani kila sekunde.

Msukuma akiwa mzembe, pan inakaa ikingoja. Pan ikiwa ndogo, chapo mbichi zinarundikana. Hapo ndipo wasee wengi hukosea: mtu anatoa ganji yote kwa prosesa ya mwisho wa reli, anabaki na kadi ya GTX 1050 Ti. Msee mwingine ako na Ryzen 5 5600 ya kawaida na RX 6600, na kwa 1080p anamwacha huyo wa kwanza vibaya sana. Kwa mashine ya gemu, kadi ya grafiki ndiyo inafaa kula sehemu kubwa ya bajeti.

Kama tayari uko na kompyuta na hujui ni nani anakuangusha, kuna njia rahisi. Fungua gemu, shusha picha hadi 720p na setingi zote ziwe chini kabisa. FPS ikipanda sana, kadi ndiyo ilikuwa imechoka. Ikibaki palepale, ni prosesa. Counter-Strike 2 na Valorant hutegemea prosesa sana. Gemu nzito za picha kama Cyberpunk 2077, ukiweka setingi juu, zinakula kadi kwanza.

Na monita yako je? Kama ni ya 60Hz, haiwezi kukuonyesha zaidi ya fremu 60 kwa sekunde. Ukinunua prosesa ya kutoa 240 ukaiunganisha kwa hiyo, umenunua Subaru ya kuendesha kwa jam ya Outering.

Kwa nini wasee wa AMD wanapiga kelele hivi

Kabla ya 2017, ukisema gemu umesema Intel. AMD walikuwa na hizo FX na aibu yake. Machi 2017 wakaleta Ryzen na soketi mpya ya AM4, na hiyo soketi ndiyo ilibadilisha mchezo, hasa kwa watu wa mfuko kama wetu.

Soketi ni pale prosesa inakaa juu ya madabodi. Kutoka 2017 hadi 2022, Intel walibadilisha bodi zao mara kadhaa. Kizazi cha 6 na 7 kilikuwa LGA1151, cha 8 na 9 kikaitwa LGA1151 tena lakini kikikataa bodi za zamani, cha 10 na 11 kikaenda LGA1200, cha 12 kikaja na LGA1700. Kila mara ukitaka prosesa mpya ya maana, nunua na bodi. Kwa upande wa AM4, msee aliyenunua bodi ya B350 hiyo 2017 na Ryzen ya kwanza, kwa bodi nyingi aliweza kuapdeti BIOS na kuweka Ryzen 7 5800X3D ya 2022 palepale. Hakubadilisha bodi wala RAM.

Huku kwetu mtu hujenga mashine kidogo kidogo kama ploti ya Kitengela. Mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta. Soketi inayodumu inakuruhusu kufanya hivyo. Soketi inayokufa inakurudisha msingi.

AM5 ilifuata Septemba 2022 na Ryzen 7000, na AMD wamesema wataishikilia hadi 2027 na kuendelea. Shida yake ni moja: inakubali DDR5 pekee. Na tangu mwisho wa 2025 bei ya RAM imepanda dunia nzima kwa sababu kampuni za AI zinanunua chipu za memori kama unga wa msimu wa njaa. Hapo AM4 na bodi za Intel za DDR4 zikarudi kwa maongezi, hata kama ni za zamani.

Sasa X3D. Kache ni memori ndogo ya mbio sana iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Ni rafu iliyo karibu na jiko. Kitu kikikosekana hapo, lazima uende dukani, yaani kwa RAM, na hiyo safari ni mbali. AMD walichukua 64MB za kache wakazibandika juu ya prosesa kama gorofa. 5800X3D ikawa na 96MB, na gemu nyingi zikaipenda vibaya. 7800X3D ilifuata Aprili 2023 kwa dola 449, kisha 9800X3D Novemba 2024 kwa dola 479. Zote ziko na viini 8 tu.

Intel kwa wakati huo walikuwa wanauza Core i9-14900K kwa dola 589, inayoweza kuvuta wati 253 ikifanya kazi nzito, na kwa gemu nyingi bado ilikuwa nyuma ya 7800X3D iliyotengewa wati 120. Oktoba 2024 wakaleta Core Ultra 200S kwa soketi nyingine mpya, LGA1851. Inakula stima kidogo kuliko 14900K, lakini kwa gemu nyingi ilishindwa hata kuipita. Kwa hivyo kwa kilele cha gemu pekee, hakuna mjadala mkubwa: AMD wako mbele.

Lakini ni wangapi kati yetu tunanunua kwa kilele?

Kitu cha kuogopa kwa second-hand

Hapa kaa rada. Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 za desktop, hasa i7 na i9, zilikuwa na ugonjwa. Gemu zilikuwa zinajifunga zenyewe, kompyuta inajizima, ama unapata ujumbe kwamba memori ya video haitoshi ilhali kadi iko sawa. Julai 2024 Intel wakakubali kwamba prosesa zilikuwa zinaomba volteji ya juu kupita kiasi, na hiyo volteji inaziumiza pole pole. Wakatoa marekebisho ya kupitia BIOS, ile inaitwa 0x129 ikaja Agosti, 0x12B ikafuata Septemba. Pia waliongeza warantii kwa miaka 2, ikawa 5 kwa zile zinazouzwa kwa boksi.

Marekebisho yanazuia madhara. Hayaponyi prosesa iliyoumia tayari. Sasa fikiria: msee mahali fulani ako na i9-13900K inayomzimia kila siku, anaiuza. Itapita mikono mitatu kabla ifike kwako ikiitwa "clean, slightly used". Ya kizazi cha 12 haina hiyo shida. Kama unataka Intel ya mtumba, i5-12400F inakupa usingizi kuliko i9 ya bei ya kuvutia. Na kama tayari unayo ya 13 ama 14 na inafanya kazi vizuri, apdeti BIOS leo, sio wikendi.

Kwa mfuko wako

Bei sitaandika, kwa sababu hubadilika na dola, na duka la chini na la gorofa ya tatu kwa jengo moja hazikubaliani. Kile hakibadiliki sana ni mpangilio.

Kama doh inatosha boksi la ofisi la ex-UK pekee, tafuta kizazi cha 8 kuenda juu. i5-8500 ina viini 6, wakati i5-6500 ambayo imejaa kila mahali ina 4 bila nyuzi za ziada. Sababu ya pili ni Windows. Microsoft waliacha kuipa Windows 10 msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 ama Ryzen 2000 na kuendelea. Valorant kwa Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot viwe vimewashwa, kwa hivyo hata ukiingiza Windows 11 kwa mlango wa nyuma, gemu yenyewe inaweza kukufungia nje.

Angalia pia ukubwa wa hilo boksi. Zile nyembamba za HP EliteDesk na Dell OptiPlex hazibebi kadi ya kawaida. Unahitaji kadi fupi, na pawasaplai yake mara nyingi haina waya wa ziada wa kuipa kadi stima, kwa hivyo umefungwa kwa kadi za wati 75 kama GTX 1650 fupi. Chukua ile ndefu ya tower kama ipo. Utanishukuru siku ya kuongeza kadi.

Kama unajenga lakini kadi utanunua baadaye, Ryzen 5 5600G ndiyo jibu kwa AM4. Itacheza Valorant, GTA V na CS2 ukishusha setingi, bila kadi yoyote. Kwa AM5 kuna 8600G yenye picha ya nguvu zaidi. Intel kama i5-12400 bila F ina picha pia, lakini kwa gemu ni dhaifu. Na hizi za G lazima uzipe RAM vipande viwili, si kimoja. 8GB mbili zinashinda 16GB moja kwa sababu picha inakopa RAM hiyohiyo, na vipande viwili vinaipa barabara mbili. Msee akikuuzia mashine ya G na kipande kimoja cha RAM, amekata miguu yake kabla ya mbio.

Kwa mwenye bajeti ya kati, mechi halisi ni Ryzen 5 5600 na Core i5-12400F. Zote viini 6, nyuzi 12. Zote ukinunua boksi kamili zinakuja na feni yake. Tofauti ya FPS kati yao ni ndogo kiasi kwamba ukizimiwa jina hutaijua. Kwa hivyo usilinganishe bei ya prosesa pekee. Omba bei ya seti: prosesa, bodi na RAM pamoja. Seti ya chini ndiyo inashinda. Zikilingana, mimi nachukua 5600, kwa sababu bodi za B450 na B550 za mtumba ni nyingi, na siku ukiangukia 5700X3D ama 5800X3D ya kuaminika unaibandika palepale. Kwa 12400F, uliza kama bodi ni ya DDR4 ama DDR5. Prosesa inakubali zote, bodi inakubali moja tu.

Anayeanza upya na ako na nguvu kidogo, Ryzen 5 7600 ama 7500F kwa AM5. Hiyo ndiyo ploti yenye title. Mwenye nazo achukue 7800X3D ama 9800X3D, na ajue haziji na feni.

Intel nayo ina mahali inapiga. Kama mchana unaedit video za harusi na TikTok za wateja, na usiku ndiyo unacheza, Intel yenye picha ndani ina Quick Sync, kifaa cha kusoma na kuandika video ambacho programu kama Premiere huchangamkia sana. Core Ultra 7 265K ina viini 20, na kwa kuedit ni mnyama. Kwa hiyo kazi usichukue F, utakuwa umenunua bila hicho kifaa chenyewe.

Siku ya kulipa

Prosesa za AM4 ziko na pini chini yake. Za AM5 na Intel za sasa ni laini, pini ziko kwa bodi. Kwa hivyo ukinunua 5600 ya mtumba, igeuze uangalie pini kwa mwanga, safu kwa safu. Ukinunua bodi ya LGA1700 ama AM5, mwambie afungue kifuniko cha soketi uone. Pini moja iliyolala inaweza kufanya kipande kimoja cha RAM kisionekane, na hutajua hadi ufike nyumbani. Angalia pia bodi ya B450: ilitoka 2018, kabla ya 5600, kwa hivyo bila apdeti ya BIOS inaweza kukataa kuwaka. Muuzaji akufanyie hiyo kazi hapo dukani na uione ikiwaka.

Pawasaplai usichukue ile nyepesi isiyo na jina inayoandikwa wati 600. Ikilipuka inaenda na wengine. Na kwa mtaa ambao stima inarukaruka, UPS ni sehemu ya bajeti.

Mashine ikiwa mezani imewaka, usiangalie stika, stika hubandikwa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, ingia kwa Performance, usome jina la prosesa na namba yote. Hapohapo RAM itakuonyesha imejaza nafasi ngapi na inakimbia kwa kasi gani. Ikiwa chini kuliko ilivyoandikwa kwa RAM yenyewe, mwambie awashe XMP ama EXPO kwa BIOS. Kisha beba flashi yako na gemu moja ambayo haihitaji intaneti, icheze dakika 20 hapo dukani ukiangalia joto na FPS. Akisema hana muda wa dakika 20, duka linalofuata liko hatua kumi tu.